Finjani Juu ya Injini

Kabla ya kumrudishia mtu gari lake, Fundi aliagiza kahawa. Haikuwa kwa ajili ya koo lake, angalau si mwanzoni. Muuza kahawa wa mtaa wetu, Dunda, alishamzoea. Alimjazia finjani hadi ukingoni, naye Fundi akaishika kwa vidole viwili vyenye grisi na kuiweka juu ya kifuniko cha injini inayowaka. Kisha alisimama, mikono nyuma, akiitazama. Kahawa ikitetemeka, alichukua bisibisi. Ikitulia, aliinywa, na mwenye gari akajua kazi imekwisha.

Nilifanya kazi kwenye uwanja wake miaka sita na sikuwahi kumwona akiimwaga kahawa ile. Sikuwahi pia kumwona ana haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Naandika haya kwa sababu nilimharibia mtu huyo jina, naye alijua kuwa ni mimi, na kwa muda mrefu hakukuwa na mwingine aliyejua.

Jina lake halisi watu walilitumia msikitini na kwenye misiba tu. Bagamoyo ina mafundi wa kila namna, wa cherehani, wa simu, wa kuta, lakini ukisema tu "peleka kwa Fundi," hakuna aliyekuuliza fundi yupi.

Nilifika kwake nikiwa na stashahada ya elektroniki kutoka Dar na kompyuta ndogo kwenye begi. Alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeleta gari?"

"Nimekuja kuomba kazi."

Alitoka taratibu, akanitazama, kisha akalitazama begi. "Humo mna nini?"

"Kompyuta."

"Inafungua nati?"

"Hapana."

"Basi kaa hapo uone nati zinavyofunguliwa. Halafu na wewe utanionyesha hiyo yako inafungua nini."

Tangu siku hiyo akaniita Binti Kompyuta. Wapo waliopita barabarani wakacheka kumwona msichana ndani ya ovaroli. Yeye hakulisemea hilo hata mara moja. Alichoniambia ni kuzifunga vizuri ncha za mtandio wangu zisije zikanaswa na mkanda wa feni.

Masikio yake ndiyo yaliyompa jina. Gari lilipita njiani, naye huku anakula muhogo wake anasema, "Plagi ya tatu hiyo," bila kuinua kichwa. Siku moja tulialikwa harusini, hapohapo Dunda. Magari ya bwana harusi yamepangwa, honi zinalia, ngoma inapigwa, pilau imeshuka. Fundi akaacha kula. Alinawa, akatoka na kanzu yake nyeupe, akafungua boneti ya gari la maharusi na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kumbe bomba la hewa lilikuwa limelegea. Bi harusi alisubiri ndani ya gari, feni ya mkononi inakwenda mbio, shangazi yake anauliza kama huyu mzee ana akili timamu. Ipo picha ya siku hiyo ambamo bwana harusi na Fundi wamesimama bega kwa bega, na mkono mzima wa kanzu ya Fundi ni mweusi.

Alichokipenda kuliko vyote ni kile mafundi tunachokiita sailensi, yaani mwendo wa injini pale gari linapowaka na mguu wa dereva hauko kwenye mafuta. Injini ikikosa hewa ya kutosha wakati huo, inazimika. Ikizidishiwa, inapiga kelele na kula mafuta bure. Kwenye magari ya zamani kulikuwa na skrubu ndogo, ukiizungusha robo tu unasikia tofauti. Kwenye magari ya sasa ipo valvu inayofunguka na kufunga yenyewe, ikiamrishwa na kontroli boksi, ambayo ndiyo ubongo wa gari. Fundi valvu hizo alizisafisha kwa petroli na mswaki mzee, akazirudisha na kusikiliza. Kuamrisha hakuweza. Hapo ndipo kompyuta yangu ilipopata kazi.

Nilianza kufunga kontroli boksi za kununua pembeni, zile ambazo fundi mwenyewe unaziandikia jedwali la namba: injini ikiwa baridi valvu ifunguke kiasi hiki, ikipata moto kiasi hiki, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta ifunge kwa kasi hii. Fundi alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akaitazama skrini. Namba hakuzijali. Aliniuliza maswali ambayo chuoni hayakuulizwa. "Na akiwasha feni? Na akikata usukani mpaka mwisho huku taa zinawaka? Na mvua ikinyesha, waipa zinakwenda?" Nilijibu, na nilipokosa jibu nilikasirika.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Matusi uwanjani kwake yalikuwa marufuku, lakini injini iliyomkaidi aliitukana kwa sauti ya upole kabisa: mpumbavu wewe, mtovu wa adabu wewe. Aliweza kutuliza gari la mtu yeyote, ila pikipiki yake mwenyewe ilikuwa aibu, ikizimika kila kona, naye akiipiga kiki huku watoto wanamzomea. Nikamwambia niitengeneze. Akasema, "Hapana. Hii ikitulia nitasahau watu wanaokuja hapa wanapata taabu gani."

Na alikuwa mwongo. Nasema hivyo kwa mapenzi. Gari limekwisha saa tisa alasiri, mwenyewe anapiga simu, Fundi anamwambia bado, kuna kitu kinasubiriwa kutoka Dar. Hakukuwa na kitu. Alitaka gari lilale, asubuhi aliwashe likiwa baridi kabisa, ndipo aamini. Mimi nilimcheka. Nilimwambia kwa simu zile atapata dhambi za bure. "Dhambi yangu," alisema, "kuliko yeye asukume gari asubuhi na mkewe ndani." Uongo wake wote ulikuwa wa namna hiyo, wa kumlinda mtu mwingine. Nilipaswa kulitambua hilo mapema.

Jambo moja hakulifanyia mzaha kamwe: mteremko. Ukitoka Bagamoyo kwenda Msata, barabara inashuka kuelekea Mto Ruvu. Madereva wa kwetu wakifika pale huliachia gari huru. Wanatoa gia, wanaondoa mguu kwenye mafuta, gari linateleza lenyewe, nao wanaamini wameokoa mafuta. Ni hatari na kila mtu anajua. Injini iliyokuwa inazunguka kwa nguvu inaanguka ghafla hadi kwenye sailensi, na kama valvu haikuiwahishia hewa, inazimika. Injini ikizimika usukani unakuwa mzito, na breki baada ya kukanyagwa mara mbili tatu zinakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo kila gari lenye mzigo alilolitengeneza, Fundi alilipeleka kule mwenyewe na kuliachia huru, feni na taa zikiwaka.

"Lakini hawapaswi kuendesha hivyo," nilimwambia mara nyingi.

"Hawapaswi, kweli. Nawagombeza kila siku. Lakini simtengenezei dereva ninayemtaka mimi, Binti Kompyuta. Namtengenezea huyu aliyekuja."

Bi Tatu, mama wa samaki wa kukaanga, alikuwa na pikapu ambayo injini yake ya kwanza ilikufa, akafungiwa nyingine ya gari la aina tofauti. Nyaya hazikuelewana na kontroli boksi ya zamani. Alipoileta, Fundi alinipa kazi nzima. Nilifunga boksi mpya, nikaandika jedwali kwa siku tatu, na nikiri hapa kwamba sijawahi kuipenda kazi kama ile. Injini ilikuwa na kawaida ya kushuka polepole dereva akiondoa mguu, kama mtu anayeburuta kandambili. Ilinikera. Nikaiamuru valvu ifunge haraka. Ukikanyaga na kuachia, sauti ilikatika safi, ikatua chini kabisa na kubaki hapo. Kwenye uwanja, gari limesimama, ilipendeza mno.

Siku ya kukabidhi, Alhamisi, Fundi alikuwa kwenye mazishi Kaole. Alikuwa ameniambia asubuhi: ukimaliza, mteremkoni. Ilikuwa saa saba, jua kali, na mteremko ni mwendo. Namba zilikuwa sawa. Niliziangalia tena na tena, zikawa sawa. Nikakaa kivulini nikachezea simu.

Alirudi alasiri, udongo wa kaburini bado kwenye viatu vyake. Hata kofia hakuivua.

"Umeliachia huru mteremkoni?"

"Ndiyo, Fundi."

"Feni na taa?"

"Vyote."

Gari lilikuwa halijatoka Dunda. Nilimwambia hivyo usoni, bila hata kumeza mate, halafu nikaenda mwenyewe kumwita muuza kahawa. Finjani ikawekwa. Kahawa ilitulia utadhani iko mezani. Fundi aliitazama muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema, "Mashallah." Kisha akainywa. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba nilifurahi kweli.

Jumamosi asubuhi Shomari, mdogo wake Bi Tatu, alipakia matenga ya samaki kwenda Msata. Mteremkoni akatoa gia kama alivyozoea. Injini ikazimika. Alikuwa na feni inawaka, gari lina mzigo, na mbele yake kuna watu wanavuka na ng'ombe. Akavuta ule usukani mzito kwa nguvu zake zote, akawakwepa watu, akaingia mtaroni. Hakufa mtu. Mguu wa Shomari wa kulia ulibanwa na kuvunjika mahali pawili, na haukurudi kuwa mguu wa zamani. Anatembea na mkongojo.

Pikapu ilivutwa hadi uwanjani. Mbele ilikuwa imebonyea lakini injini ilikuwa nzima. Fundi aliiwasha. Akawasha feni, akawasha taa, akakanyaga mafuta na kuachia ghafla. Ikazimika. Akarudia. Ikazimika tena. Muuza kahawa alikuwa amesogea na birika lake, kwa mazoea tu. Fundi akamwambia, "Leo hapana, ndugu yangu." Kisha akageuka akanitazama. Nilijifanya natafuta waya kwenye begi.

Siku ya tatu tuliitwa barazani kwa Bi Tatu. Wazee wa mtaa walikuwepo, na majirani wamejaa hadi mlangoni. Bi Tatu hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Fundi, mimi nimekuletea magari tangu marehemu mume wangu yu hai. Umenifanyia nini?"

"Gari limetoka mkononi mwangu, Bi Tatu. Lilitakiwa lipelekwe mteremkoni kabla sijakupa. Sikulipeleka."

Watu wakaguna. Hakuna aliyewahi kusikia Fundi hakulipeleka gari mteremkoni. Bi Tatu akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Hiyo kompyuta yako ilisema nini?"

Nilifungua mdomo. Nataka niseme kwamba nilikuwa nakwenda kusema kweli, lakini sijui. Kabla sijatoa neno Fundi akasema, "Mwache huyo. Kahawa nimeinywa mimi."

Nikaufunga mdomo. Macho yote yalikuwa kwangu, na ningeweza kabisa kusema: alinituma, sikwenda, nikamdanganya. Ni maneno machache tu. Nikatazama mkeka.

Watu hawakumtenga kwa siku moja. Walipungua. Mwenye teksi akahamia kwa fundi mwingine, mwenye lori akafuata, na maneno yakawa yaleyale: mzee amechoka, masikio yameanza kumtupa, sasa ni zama za kompyuta. Na kwa kuwa ni zama za kompyuta, waliniulizia mimi. Mbele yake, kwenye uwanja wake, watu walimpita wakaja kunisalimu. Jedwali la pikapu nilishalirekebisha wiki ileile, kimyakimya. Valvu nikaiamuru ifunge taratibu, na haikuzimika tena. Wakanisifu hata kwa hilo.

Fundi hakunigombeza. Kilibadilika kitu kimoja tu. Hakuniuliza tena kama nimelijaribu gari. Alichukua ufunguo, akaenda mwenyewe mteremkoni, akarudi, akaagiza kahawa. Heri angenipiga na spana.

Baada ya mwaka mmoja na ushei niliaga. Nilifungua karakana yangu Mapinga, barabara ya Dar, na ikanipokea vizuri. Anayeniletea wateja kuliko mtu yeyote ni Shomari. Anasimama na mkongojo wake kwenye vijiwe vya madereva anawaambia, nendeni kwa yule dada, huyo hakisii kwa masikio. Kila mteja anayeniambia ametumwa na Shomari, najikuta nanawa mikono mara mbili.

Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, nilikwenda Kaole anakoishi Fundi na binti yake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Binti yake alinipokea, akanionya: "Dada, ongea kwa nguvu. Baba hasikii siku hizi."

Sikuwa nimejua. Alikuwa amekaa kwenye kiti uani, amekonda, ndevu nyeupe, vidole vilevile. Nilipiga magoti, nikampa shikamoo kwa sauti kubwa. Aliniangalia midomo.

"Marahaba, Binti Kompyuta. Umekuja na gari?"

"Nimekuja nalo."

"Liwashe tulione."

Nikalileta hadi uani likiwa linawaka. Alinyanyuka, akaweka kiganja juu ya boneti na kufumba macho. Alikaa hivyo kitambo. "Sailensi iko juu kidogo kuliko zamani," akasema. "Umejifunza."

Hapo nikalia. Nikamwambia yote, karibu na sikio lake, kwa sauti ambayo majirani lazima waliisikia: kwamba sikwenda mteremkoni, kwamba nilikaa kivulini na simu, kwamba nilimdanganya akiwa na udongo wa kaburini kwenye viatu. Nikamwomba radhi. Aliendelea kushika boneti.

"Nilijua tangu siku ile gari limevutwa," alisema. "Na kosa langu nililisema barazani. Nilikuuliza badala ya kwenda. Langu limekwisha." Akafumbua macho. "Umeshamwambia Shomari?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lilelile la siku ile. Angelipokea. Masikio hayakuwepo tena ya kusikia sauti yangu ikiyumba.

"Bado, Fundi."

Alinitazama midomo, kisha akaitikia kwa kichwa, polepole. Akamwita binti yake amletee kofia.

Tukaondoka Kaole, yeye kando yangu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, na kila niliposimama kupisha bodaboda niliona vidole vyake vikisubiri. Nyumbani kwa Shomari mlango ulikuwa umerudishwa. Nikashika ufunguo nizime gari.

"Usizime," alisema. "Washa feni. Na taa. Mimi nitakaa hapa nione kama sailensi itashika."

Nikawasha vyote, nikashuka, nikapiga hodi. Ndani mtu akaitikia karibu, kisha nikaanza kusikia mkongojo ukija sakafuni, hatua na mkongojo, hatua na mkongojo, na nyuma yangu injini ikiendelea kuwaka.